Migomba ya Ufaransa

Al Twar, Dubai
11 Machi 2016

Shangazi mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu naomba nikueleze alichofanya Doris sasa hivi, maana sijui nicheke au nilie. Nimegeuka tu kuepua uji. Kurudi, namkuta amekaa sakafuni, wino mwekundu mpaka kwenye meno, na ile kalamu nene ya baba yake ya kuwekea alama nyaya za umeme ameishika kama mwiko. Mbele yake amefungua daftari. Amechora, Shangazi! Mstari mmoja mkubwa umepinda kutoka juu mpaka chini, halafu vijimstari vingi huku na huku. Nikamwambia, "Doris, nani kakutuma?" Akanitazama bila hata wasiwasi, akasema, "Mama andika. Doris andika." Nimemnyang'anya, amelia, nimembeleza, sasa amelala na wino wake mashavuni. Karatasi nimeipaka limau, nikaona naharibu zaidi, nikaacha.

Ni daftari la zamani tu. Basi.

Sasa nikusalimu. Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi yangu, na masista wote unisalimie, na Mama Mkuu. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo. Japhet anafunga nyaya kwenye jengo jipya, ghorofa ishirini na nane, anarudi vumbi tupu. Tunaishi chumba kilichogawanywa kwa mbao ndani ya nyumba kubwa, upande wa pili wa ubao anakaa dada Mkenya, anaitwa Judy, wa hotelini. Hata sasa Doris alivyolia, Judy amegonga ubao: "Mama Doris, wacha huyo mtoto, ni artist!" Huku hakuna siri, ukipiga chafya unaombewa heri na nyumba nzima.

Nimepata kazi siku nne kwa wiki, kule Jumeirah Village Circle. Ni mbali, treni halafu basi, lakini madam amekubali niende na Doris, anacheza na mwanawe. Madam ni Mfaransa, anafundisha mashairi na hadithi za kwao shuleni. Aliponiambia anatoka Ufaransa, nikamkumbuka Mama Mjane. Unakumbuka sisi watoto wa hosteli tulivyomwita hivyo, yule mama wa zamani aliyeandika mashairi, uliyokuwa ukiyatafsiri kwa Kiswahili baada ya masifu ya jioni? Ukitusomea tulikuwa tunadhani ni jirani, anakaa ng'ambo ya mto. Hivi alikuwa na watoto wangapi? Na alianzaje kuandika? Nataka nimwambie madam nami najua kitu.

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Wako,
Yuliana

Konventi ya Kyamugaba, Kagera
20 Aprili 2016

Mpendwa Yuliana,

Milele amina. Barua yako imekaa posta majuma mawili kabla Sista wa manunuzi hajaikumbuka. Tumeisoma, yaani nimeisoma mimi, nikawasomea wenzangu kipande cha Doris. Sista Virginia amecheka mpaka akatoka chakulani.

Goti ni lile lile. Mvua ni nyingi. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa kisima, tumekata mashina arobaini. Migomba ya karibu na ukumbi, uliyokuwa ukijificha humo usioshe vyombo, bado imesimama.

Umeuliza habari za Mama Mjane. Aliishi miaka mia sita iliyopita, katika mji wa Paris. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa ghafla, yeye akiwa na miaka ishirini na mitano, watoto watatu, na mama yake mzazi wa kumlisha. Wanawake wa wakati ule hawakuishi kwa kalamu. Yeye aliishi kwa kalamu. Wakubwa walimtaka awaandikie mashairi ya furaha na mapenzi, akawaandikia, huku moyo wake uko kaburini kwa mume. Binti yake aliingia utawani, na mama akawa mgeni wa kumtembelea. Hayo yatakutosha kwa madam wako.

Huku tuna jambo. Tarehe nane Desemba natimiza miaka hamsini ya nadhiri. Mama Mkuu ameamua lile daftari la tafsiri zangu, kaunta buku jeusi lenye mgongo mwekundu, lipigwe chapa siku ya Jubilei, wageni wapewe. Jumatatu ya Pasaka wakafungua kabati la maktaba. Daftari halimo.

Ufunguo anao Emiliana, mnovisi wetu, tangu mwaka jana. Wakati wa Kwaresima alipewa boksi la madaftari ya zamani ya shule awashie tanuri la kuokea hostia. Mama Mkuu akamuuliza kama huenda daftari langu lilikuwa humo. Emiliana akafikiri sana, akasema, "Inawezekana, Mama. Sikuyaangalia moja moja." Nilikuwepo alipoulizwa. Sikusema neno.

Mbusu Doris. Mpe karatasi yake mwenyewe ya kuchorea.

Sista Teopista

Al Twar
27 Mei 2016

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limepata nafuu. Doris sasa hivi yuko kwenye beseni la maji, ameketi na sidiria ya Judy kichwani, anasema ni kofia ya fundi kama ya baba. Joto limeanza. Nguo ukizianika, hujamaliza kuanika ya mwisho ya kwanza imekauka.

Wiki iliyopita Japhet alipata lifti, akatupeleka Hatta, kule milimani karibu na Omani. Shangazi, kuna bwawa la maji ya kijani! Na mashamba, na mbuzi! Nilivyoona mbuzi nikalia, Japhet akasema, "Wewe, umeolewa ukaletwa Dubai, unamlilia mbuzi?" Doris aliogopa udongo. Hajazoea udongo. Aliunyanyua mguu akasema, "Chafu." Mtoto wa Kagera anaogopa udongo. Iliniuma.

Nilimweleza madam habari za Mama Mjane, akashangaa, akaweka kikombe chini. Akasema, "Yuliana, hata walimu wenzangu wengine hawajui hayo." Amenionyesha picha yake kwenye kitabu, amevaa gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani kina pembe mbili, anaandika, na kambwa kadogo kako miguuni. Nilijisikia mtu. Nikamwambia nimelelewa na sista anayemtafsiri. Madam akasema angependa sana kusikia yalivyo kwa Kiswahili.

Poleni kwa daftari. Ni pigo. Lakini vitu vingine vinapotea halafu vinaonekana, si lazima viwe vimeungua. Huyo Emiliana ndiye yule mwembamba aliyekuja mwaka ule akiwa anaimba hata akideki? Ameadhibiwa? Naomba uniambie kama ameadhibiwa.

Shangazi, kuna jambo nilitaka

Basi, nitasema siku nyingine. Doris amemwaga beseni. Leo asubuhi kanisani nilipanga mstari wa kitubio, mstari mrefu, Wafilipino, Wahindi, sisi, alipobaki mtu mmoja mbele yangu nikatoka. Nilimwambia Japhet mtoto alikuwa anataka kwenda haja. Hakuwa anataka.

Mwezi wa Ramadhani unaingia, madam atasafiri kwao likizo, nitakuwa na muda.

Yuliana

Kyamugaba
2 Julai 2016

Mpendwa Yuliana,

Barua yako imenifurahisha, hasa ile kofia ya fundi. Hiyo sikuwasomea wenzangu.

Gervas, kaka yako wa kwa baba mdogo, ameezeka nyumba. Anakusalimu, anasema umemsahau. Kahawa imekomaa vizuri.

Unataka kujua habari za Emiliana. Hakuna aliyemwita mwizi wala mzembe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua ameliunguza. Amelifikiria mpaka ameliona: anasema anakumbuka mgongo mwekundu ukikunjamana motoni. Alipiga magoti mbele yangu jikoni, unga mikononi, akasema, "Sista, nimechoma miaka yako." Nilimwinua. Nikamwambia, "Inuka, hostia zitaungua nazo." Akacheka huku analia. Sikumwambia zaidi ya hilo.

Alikuwa aweke nadhiri zake za kwanza siku ile ile ya Jubilei yangu. Mama Mkuu ameziahirisha mwaka mzima, ajifunze uangalifu. Amepelekwa shamba la ng'ambo. Anafanya kazi vizuri. Haimbi.

Kuhusu daftari lenyewe, nimemwambia Mama Mkuu kwamba halikuwa kitu kikubwa. Tafsiri za mtu asiye na shule ya ushairi. Kama limekwenda, limekwenda. Wageni watapewa kalenda.

Usijisumbue sana na mambo ya huku.

Sista Teopista

Al Twar
12 Agosti 2016

Shangazi,

Leo Doris nimemwacha kwa Judy makusudi, ili nisipate kisingizio.

Daftari ninalo mimi.

Nimeandika hivyo peke yake kwenye mstari ili nisiweze kufuta. Ninalo tangu siku niliyoondoka. Emiliana hajachoma chochote. Huo mgongo mwekundu anaouona motoni ni woga wake tu, mgongo huo uko hapa, nimeuegemeza kwenye chupa ya mafuta ya kula naandika nikiutazama.

Nikueleze ilivyokuwa, usidhani nilitaka kukuibia. Siku ile nilijua nina mimba ya miezi miwili, na Japhet alikuwa ameshamaliza kufunga ile sola ya bweni, anangoja barabarani na begi. Ninyi mlikuwa kanisani kwenye masifu ya asubuhi, nilikuwa nasikia sauti yako, ile inayochelewa kidogo nyuma ya wenzako. Nikaingia maktaba nitafute picha yako. Hata moja sikuipata, ninyi hampigwi picha. Kabati lilikuwa wazi, daftari liko juu. Nikaona mwandiko wako. Nikasema basi, kama sina uso wake, niwe na mkono wake. Nililiweka chini ya kanga, nikaenda. Nilipanga nikifika nilirudishe kwa posta. Halafu Doris akazaliwa, akawa halali mpaka nimsomee. Shangazi, mwanangu amekua kwa daftari lako. Analala kwa Mama Mjane. Na ule mchoro niliokuandikia mwezi wa tatu, ni humo alimochora. Ukurasa mzima, wino wa kutofutika.

Ulipoandika kwamba wamefungua kabati, ilikuwa nikuambie siku ile ile. Nikaandika habari za mbuzi.

Sasa kuna la pili, na hili silielewi, nisaidie.

Madam alirudi kutoka likizo wiki jana. Nikamletea daftari. Tulikaa mezani, mimi namweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, yeye anafungua vitabu vyake. Mengi aliyatambua. Anapiga makofi: "Hili ni la kifo cha mume! Hili aliliandikia sikukuu!" Anasema umefanya kazi ya miaka, na umeifanya vizuri. Tukafika kurasa za mwisho, yale tisa ya mama kwa mtoto, ambayo Doris ndiyo anayoyapenda. Madam akarudi kwenye vitabu vyake. Akatafuta huku, akatafuta kule. Akaniambia nirudie moja, nikamsomea lile la mchoro:

*Mvua ije mwanangu, jani la mgomba lako,
nilowe mabega yangu, kisilowe kichwa chako.*

Akauliza mgomba ni mti gani. Nikamweleza, jani lake kubwa, tunajifunika mvua. Akanitazama kwa upole, akasema, "Yuliana, Paris ya wakati ule hapakuwa na mgomba hata mmoja."

Shangazi, nilibisha! Nikamwambia labda madam hujafika vijijini. Akaangua kicheko, halafu akaona mimi sicheki, akaacha. Akasema haya tisa si ya mama yule, anayajua yote. Nimerudi nyumbani nikamsimulia Judy. Judy akajishika kiuno: "Wewe! Ndizi Ufaransa? Na baridi ile? Hiyo migomba ilikuwa inavaa sweta?" Ameniita Madam Migomba wiki nzima. Lakini niambie ukweli, mimi nitajuaje? Nimezaliwa kwenye migomba, nimekulia kwenye migomba. Nilijua kuna mahali hakuna ndizi nilipofika jangwani. Ufaransa sikuwahi kuiwaza bila migomba, maana wewe ndiye uliyenionyesha Ufaransa, na humo mlikuwa na migomba.

Nani aliyaandika hayo tisa?

Nitalirudisha daftari. Elisante, rafiki yake Japhet wa Karagwe, anakwenda likizo mwezi wa kumi na moja. Namwomba Mungu Emiliana aweke nadhiri zake Desemba. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, mwambie yeye anisamehe kwanza.

Yuliana

Kyamugaba
25 Septemba 2016

Yuliana,

Barua yako niliipata zamani. Nimeanza kukujibu mara nne.

Nilijua. Siku ile baada ya masifu nilikwenda maktaba kabla sijakwenda kukutafuta chumbani. Nilipoona daftari halipo, nilijua nawe hupo. Nikalifunga kabati kwa ufunguo, nikaenda kunywa chai na wenzangu. Miaka miwili na zaidi nilikuwa nikilipita lile kabati najua ni tupu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema, amechukua kitu changu.

Kwa hiyo Emiliana alipopiga magoti jikoni, aliyekuwa ametenda kosa ni mimi niliyesimama. Ningeweza kusema, "Mwanamke, hukuchoma kitu." Sikusema, kwa sababu ningesema hilo, wangekutafuta wewe, daftari lingerudi, lingepigwa chapa, na lingesomwa mpaka mwisho. Niliona bora msichana wa watu abebe moto ambao hakuuwasha. Miaka hamsini ya nadhiri. Hayo ndiyo matunda yake.

Umeuliza nani aliyaandika.

Ulipoletwa hapa ulikuwa na miaka minne, baba yako, kaka yangu, amezikwa mwezi mmoja baada ya mama yako. Mama Mkuu wa wakati ule, marehemu, alikuwa mtu mwema. Alikubali ukae hosteli na wasichana wengine, kwa sharti moja. Alisema, "Sista Teopista, mtawa hana mtoto wake. Ana watoto wa wote. Nisikuone unambagua kwa mapenzi." Nikaahidi. Sahani yako ilikuwa kama sahani za wengine. Ukianguka, nilingoja mwingine akuinue. Nadhani unakumbuka. Hata hili neno ambalo kila mwanamke wa hapa anamwita kila mtoto anayepita njiani, mimi sikulitumia kwako, kwa sababu nilijua kinywani mwangu halitakuwa neno la njiani.

Sasa, mle ndani ya kitabu alimokuwa akiandika yule mama, mlikuwa na mjane mwenye watoto. Yeye aliruhusiwa. Nikaona nikiongeza shairi moja tu nyuma ya mgongo wake, hatakataa. Yakawa tisa. Nilikusomea mbele ya wote, jina lake likiwa juu, na hakuna aliyeshtuka. Sikuwaza habari ya migomba. Mwambie Judy amenichekesha.

Naomba kitu, na naomba kama mtu asiye na haki ya kuomba. Lirudishe daftari. Emiliana lazima aweke nadhiri zake. Lakini kabla hujalifunga, zichane zile kurasa za mwisho. Zibaki kwako. Mimi ni mzee, sitaki siku ya Jubilei yangu wageni wasome kwamba nilidanganya kwa jina la marehemu, na kwamba ahadi niliyoitoa niliivunja mara tisa.

Teopista

Al Twar
11 Novemba 2016

Shangazi,

Doris sasa hivi ameketi juu ya daftari. Amelikalia kabisa, miguu mbele, mikono kifuani, anasema, "La Doris. Haliendi." Elisante atafika wakati wowote kulichukua, ndege yake ni leo jioni, amesema nimngojee na bahasha imefungwa. Haijafungwa. Nimemwahidi Doris daftari jipya, amekataa. Nimemwahidi aiskrimu, amefikiri, amekataa. Ana kichwa chako.

Hatujambo. Joto limepungua, tunaweza kutembea nje. Japhet anakusalimu, nimemweleza yote, akasema, "Kumbe mimi nilifunga sola, wewe ukafungua kabati." Ndiyo utani wake.

Barua yako nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee mlango unafungwa. Nimelia mpaka Judy akagonga: "Mama Doris, uko sawa? Ama ni ile samaki?" Nikamwambia ni samaki.

Shangazi, nilishika zile kurasa. Nataka ujue kwamba nilijaribu kukutii. Mkasi niliuweka mezani siku tatu. Siku ya kwanza nikasema nitafanya kesho. Siku ya pili nilifungua ukurasa wa jani la mgomba, nikaanza kwenye kona, kidogo tu, kama nusu ukucha, utaona alama. Doris alikuwa pembeni yangu. Akaona mchoro wake, akaweka kidole kwenye ule mstari mkubwa uliopinda, akapeleka kidole mpaka chini, halafu kwenye vile vijimstari vya pembeni, akasema, "Jani." Miezi yote hii nilidhani amekoroga tu. Alichora jani, Shangazi. Mtoto hajawahi kuona mgomba kwa macho yake, anaogopa udongo, na amechora jani la mgomba juu ya shairi lake, kwa sababu amelisikia kila siku. Nikarudisha mkasi kwenye droo.

Sikuchana hata moja. Yanakuja yote tisa.

Bahasha imeandikwa jina la Mama Mkuu, si lako, nisamehe. Ndani nimeweka barua yake. Nimemwandikia kwamba daftari nililichukua mimi, Yuliana, kwa mkono wangu, siku niliyoondoka, kabla Emiliana hajapewa ufunguo wowote, na kwamba kama kuna mtu wa kuahirishiwa kitu ni mimi. Nimemwomba barua hiyo isomwe chakulani mbele ya masista wote, na Emiliana aitwe kutoka shambani aje aisikie kwa masikio yake, maana asipoisikia ataendelea kuuona ule moto. Nimemwandikia Emiliana pia, ukurasa wake peke yake. Nimemwambia nilivyokuwa na nafasi ya kusema mwezi wa tano nikasema habari za mbuzi. Sikujipunguzia kosa.

Kuhusu wewe, sikumwambia Mama Mkuu kwamba ulijua. Wala sikumwambia nani aliyeandika yale tisa. Kosa langu nimelibeba, lako siwezi kukubebea, lingekuwa kama kuiba mara ya pili. Utasema mwenyewe, au utanyamaza, au watasoma wafike kwenye migomba, wacheke kama Judy, wajue. Ni wa Kagera wale. Nafikiri walishajua tangu tukiwa wadogo. Nafikiri ni mimi na wewe tu tuliodhani ni Ufaransa.

Usiyaonee haya, naomba. Madam nilimweleza, akaniambia huyo mama wa Paris naye aliandika akiwa amevaa furaha ya watu wengine. Wewe ulivaa huzuni yake. Madam anasema asingekukasirikia. Mimi nasema angekukopesha na kile kitambaa chenye pembe.

Na ile ahadi ya marehemu Mama Mkuu. Mimi nilikuwa nimekuwekea kinyongo, leo nakwambia. Niliondoka bila kuaga kwa sababu nilijua ukinikuta mlangoni utaniaga kama unavyoaga wasichana wote. Niliona afadhali nisiione. Kumbe nilikuwa nimebeba chini ya kanga mahali pote uliponiita mwanangu, nimehesabu, ni mara kumi na saba, na nikamsomea mwanangu nikidhani ni ya mtu mwingine. Haki ya Mungu, Shangazi, nimekuwa mwizi wa mali yangu.

Elisante amefika. Namsikia chini anazungumza na mlinzi, sasa anaita: "Yuliana! Yalla, yalla! Foleni ya uwanja wa ndege unaijua wewe?" Namwambia dakika moja. Doris amesikia, ameng'ang'ania zaidi. Judy amekuja kumbeba. Daftari liko mkononi mwangu, lina joto lake.

Ngoja nimalizie hili moja. Ile mvua nimeikumbuka. Nilidhani ni ya shairi, lakini ni yetu, tulikuwa tunatoka zahanati, mimi nina homa, ulikata jani pale kwenye migomba ya ukumbi ukalishika juu yangu mpaka mlangoni, na hapakuwa na sista mwingine njiani. Shela yako ilikuwa imelowa mpaka imegandamana na mabega. Nikakuuliza kama unasikia baridi. Ukainama, ukanifuta uso kwa

"Yuliana! Khalas, naondoka!"

Nakuja! Shangazi, ukanifuta uso kwa mkono, ukaangalia nyuma kama kuna mtu, halafu ukasema